Ini la Mzee Mbarushimana

Gari lilipotoka Kamembe, Mzee Mbarushimana, aliyekaa mbele yangu, alimfunulia mama asiyemjua picha ya kompyuta ya hospitali.

"Ordinateri ndiyo ilichora ini yangu yenyewe, Maman. Huu mustari mwekundu ni ini. Hizi alama tatu ni bidonda. Dokta anataka kuingiza sindano, ajue ni bidonda gani."

"Basi rudia kwake mbio, Papa! Huku unaenda wapi?"

"Nyakabuye, kwa mganga wa sumu, mwenye anataja jina la aliyeitia. Ordinateri inaona kidonda, haioni muntu mwenye alinipa pombe."

"Nani?"

"Mdogo wangu. Alinipa bila kuonja yeye wa kwanza."

Kwetu anayekupa pombe huionja mbele yako, ujue haina sumu. Mama akasema, "Kati ya bandugu, nani anaonja? Alisahau tu."

"Hata mimi nilisema vile. Kisha nikaanza kukonda."

"Wakati wa vita mulikimbia pamoja?"

"Alinibeba ku mgongo pori nzima. Nilikuwa na kipindupindu."

Mimi, nisiyethubutu hata kumsalimia dereva, niliacha kujifanya natazama nje.

"Anajua unaenda kuuliza jina lake?"

"Anajua naenda kutafuta dawa. Yeye ndiye atanipokea Nyakabuye, anipeleke."

"Papa, na mganga akilitaja?"

Gari likasimama Nyakabuye. Mwanamume mmoja alikuja mbio akicheka, akanyoosha mikono mlangoni. "Yaya, kaka yangu mkubwa, njoo nikushike!"

Mzee alishika chuma cha mlango, akashuka mwenyewe.