Ng'ombe wa Lindeby

Mgeni rasmi, Mchungaji Kirsten Dalgaard wa Usharika wa Lindeby, nchini Denmark;
Mchungaji wetu na wazee wa kanisa;
Viongozi wa kijiji na kata;
Majirani zetu Waislamu mliofunga maduka ili muwe nasi;
Wanakwaya, watoto, na ninyi mliopanda juu ya ukuta ingawa mmekatazwa:

Bwana Yesu asifiwe! Na wazee wetu, shikamooni. Marahaba tumeisikia mpaka huko nyuma, kwa hiyo spika zinafanya kazi na tunaweza kuanza.

Sisi waumini wa Usharika wa Keza tuna furaha ambayo hatujui tuiweke wapi. Ninayesoma ni Uwase Celestini, katibu wa umoja wa akina mama. Maneno ni yetu sote, yamepitishwa kwenye kikao, tena kikao kirefu. Sauti ndiyo yangu, na ikitetemeka msidhani ni homa. Anayetafsiri ni Mwalimu Evaristi. Tumemwomba leo asipunguze kitu, hata pale ambapo mgeni atacheka.

KARIBU

Mama Mchungaji, karibu sana. Tumeona barabara ya kutoka Ngara mjini imekutikisa. Tumeona pia ulivyoshuka garini kabla halijasimama vizuri ukamkimbilia Mama Nyirabahizi, mkakumbatiana mpaka kilemba chake kikaanguka. Ratiba ilisema kwanza utapokewa na skauti. Skauti wamekusamehe.

TULIKOTOKA

Usharika huu ni mchanganyiko. Wako Wahangaza ambao hapa ndipo kwao tangu mababu. Wako waliovuka kutoka Burundi, wengine kutoka Rwanda, wakabaki, wakalima, wakazaa, wakazika. Mwaka lile wimbi kubwa la wakimbizi lilipovuka daraja la Rusumo, Mama Nyirabahizi alifika akiwa na mtoto mgongoni na sufuria moja. Nawe ulifika mwaka huohuo, nesi kijana, pamoja na marafiki wa Lindeby walioleta mablanketi na dawa.

Wazee wanakukumbuka. Ulijua neno moja tu la Kiswahili, nalo ni "pole". Uliwaambia pole wagonjwa, ukawaambia pole wazima, na siku uliyokaribishwa ndizi za nyama ukamwambia mpishi pole. Mpaka leo mpishi huyo anajiuliza chakula kilikuwa na kasoro gani.

Baada ya miaka michache Lindeby mlituletea ng'ombe. Alikuwa mtamba mwekundu mwenye doa jeupe usoni. Mlisema ni kwa ajili ya watoto wasio na maziwa. Akina mama wakamkabidhi Mama Nyirabahizi amtunze, naye akampa jina Impano, ambalo kwa lugha yake ni zawadi. Siku ya kwanza ya kukamua, watoto walipanga foleni na vikombe, na vikombe vilipokwisha wakaja na vifuniko vya sufuria.

Sasa Mama Mchungaji, hapa tunaomba usikilize vizuri. Kwetu, iwe Mhangaza, iwe Mrundi, iwe Mnyarwanda, ukipewa ng'ombe na rafiki, habari haiishii hapo. Ng'ombe akizaa ndama jike, unamrudishia rafiki yako ndama mmoja. Wenyewe wanaita kwitura. Hulipi deni, maana hakuna aliyekudai. Unamwambia mwenzako kwamba na wewe ni mtu, na zizi lako na zizi lake sasa yanajuana. Akimpokea yule ndama, ninyi ni marafiki, na watoto wenu ni marafiki.

Impano alizaa ndama jike. Tulishangilia kama tumepata mvua. Ulikuwa umesharudi kwenu kusomea uchungaji, lakini wageni wengine wa Lindeby walikuja mwaka uliofuata. Tukamwogesha yule ndama, tukamfunga utepe shingoni, tukamleta hapa mbele baada ya ibada. Mzee wa kanisa wa wakati huo, marehemu baba yangu Celestini, alimkabidhi mwenyekiti wenu kamba.

Mwenyekiti wenu alikuwa mtu mwema sana. Alitabasamu, macho yakamjaa machozi, akarudisha kamba. Akasema, "Hapana, hapana. Ninyi mnamhitaji kuliko sisi."

Mwalimu Evaristi alitafsiri kama ilivyosemwa. Kwaya iliyokuwa imesimama tayari kuimba ikakaa. Wageni walidhani tumeguswa na ukarimu wao, wakapiga makofi wao peke yao.

Baba yangu alivaa kofia yake akaenda nyumbani kwa miguu, na njiani alimuuliza mama, "Hawa watu tumewakosea nini?" Kwa sababu hapa kwetu, anayemkataa ndama wa namna ile anakuambia kwamba hataki kujuana nawe.

Tunajua leo kwamba hamkujua. Hakuna aliyekosa. Ila tuliumia, Mama Mchungaji, na tunasema wazi kwamba tuliumia.

MAFANIKIO

Baada ya hapo mlileta mengi. Mlileta mabati ya kanisa hili, madawati, na baiskeli za wainjilisti. Kwa baiskeli hizo injili imetoka Keza ikafika Kanazi, ikapita hadi Nyakahura kule Biharamulo, ambako leo tuna kanisa dogo la miti lenye kwaya inayoimba kuliko yetu. Tunakiri hivyo kwa uchungu, na wao wako hapa wanacheka.

Kila mlipoleta tulipokea, tukashukuru, tukacheza. Baba yangu naye alicheza. Lakini akirudi nyumbani alisema, "Kwa watu hawa sisi ni wa kupewa tu." Alisema hivyo mpaka tukamzika.

Mafanikio makubwa kuliko yote hatujawahi kuwasomea katika risala yoyote. Tunawasomea leo.

Siku ile mlipomkataa ndama, Bwana Suleman Makame, mfanyabiashara wa mnadani Nyakahura, alikuja jioni kumwuliza baba kama ndama anauzwa. Alileta bei nzuri. Bwana Suleman yuko hapa, anaitikia kwa kichwa kwamba ni kweli. Baba akamjibu, "Huyo si wetu. Ni wa Lindeby. Kama hawajui kwamba ni wao, sisi tunajua. Tutawachungia."

Na tumewachungia!

Yule ndama alikua, akazaa. Binti zake wakazaa. Wako waliokufa kwa ndigana, ugonjwa wa kupe, tukawalilia. Wako waliozaa mapacha. Zizi la Mama Nyirabahizi lilipojaa, tukawagawa katika kaya za waumini. Aliyewatunza alikunywa maziwa na kuchukua samadi, kama ilivyo desturi kwa anayemchungia mtu, lakini ndama wote waliandamana na jina moja. Ukipita leo Keza ukamuuliza mtoto, "Wale ng'ombe wekundu ni wa nani?" atakujibu bila kufikiri: "Ni wa Lindeby." Wako watoto ambao walikua wakubwa ndipo wakagundua kwamba Lindeby si tajiri fulani wa Biharamulo.

Maziwa yenu yamekwenda kwenye uji wa watoto wa shule ya Jumapili na wa majirani zetu Waislamu, kwa sababu njaa ya mtoto haiulizi anasali wapi. Samadi yenu imeinua migomba iliyokuwa imechoka. Mtoto aliyevuka Rusumo mgongoni kwa mama yake leo ni bwana mifugo, na ndiye anayewachoma sindano ng'ombe wenu.

Idadi yao hatutaitaja. Ng'ombe wa mtu hawahesabiwi hadharani. Ila jioni tutakupeleka, utawaona wewe mwenyewe, na tafadhali vaa viatu vya kufaa.

CHANGAMOTO

Changamoto hazikosekani. Malisho yamepungua, josho liko mbali, na kiangazi kilichopita kilitutesa.

Changamoto ya pili ni fahali wenu. Anavunja uzio. Shamba la maharage la Mzee Matiasi amelivuna kabla ya mwenyewe, tena zaidi ya mara moja. Mzee Matiasi ni mvumilivu, lakini ametuomba tuliseme hili mbele ya mwenye ng'ombe, na sasa tumelisema.

Changamoto ya tatu ndiyo iliyotufanya tuandike risala hii. Ng'ombe wenu hatuwezi kuwauza, hatuwezi kuwachinja, hatuwezi hata kumpa bibi harusi mmoja, kwa sababu si wetu. Mwenyewe hayupo, na hajui kama ni mwenyewe. Tumekaa hivyo miaka yote, na tuliona haya kuwaambia. Mtu akishamkataa ndama, utamwendeaje na habari za wajukuu wa ndama?

Kisha mwezi uliopita ukampigia Mchungaji wetu simu. Ulimwambia kwamba Lindeby mmebaki wachache, wengi wazee. Kwamba kinanda cha kanisa hakina mpigaji, na kwamba zipo Jumapili ambazo unahubiria watu unaoweza kuwataja wote kwa majina bila kupumua. Ukasema, "Hatuna tena cha kuwaletea. Nitakuja mara moja ya mwisho kuwaaga."

Mchungaji alitutangazia Jumapili. Alitegemea tutalia. Mama Nyirabahizi akainuka pale kwenye kiti chake, akasema kwa sauti iliyofika barabarani:

"Yewe! Hawana kitu? Watu wenye ng'ombe wote wale?"

Kanisa zima likalipuka kwa kicheko. Watu walicheka wakashikana mabega, kisha wakaanza kulia, kisha ngoma ikapigwa na ibada haikuweza kuendelea. Mchungaji alijaribu kutoa matangazo mengine akashindwa. Tulikuwa tumebeba siri hii miaka yote kama mzigo, na siku ile tukaona kumbe tulikuwa tumewawekea akiba.

MAOMBI

Mgeni rasmi, risala zote huomba, na hii nayo inaomba. Hatuombi bati. Hatuombi baiskeli. Mwalimu Evaristi, hapo rudia mara mbili ili asidhani amesikia vibaya.

Tunaomba ruhusa ya kuuza baadhi ya madume yenu. Bwana Suleman ameahidi kusimamia mnadani bila kuchukua chake. Fedha itakayopatikana ni yenu, nasi tunaomba itumike kutuleta kwenu. Tunataka kutuma watu wachache wakae nanyi msimu mzima wa Krismasi. Tunao wanaojua kuimba bila kinanda. Tunao wanaojua kukaa na mzee asiyeweza kuinuka kitandani, kumsikiliza mpaka mwisho bila kutazama saa. Mliwatuma watu wenu kwetu tulipokuwa hatuna kitu mikononi. Mbona ninyi mkiwa wachache msitumiwe watu?

Na msihangaike kutupangia ratiba ya ukaguzi. Kila mgeni wa Lindeby aliyefika hapa alitaka kuona choo. Tumewaonyesha vyoo vyote vya Keza, vipya na vya zamani. Sisi tukija hatutataka kuona vyoo vyenu. Tutataka kuwaona wazee wenu, mmoja mmoja, nyumbani kwake.

Tunaomba pia neno "kuwaaga" ulifute. Ulifundishwa na nani kwamba rafiki akiishiwa anaaga? Kama mlikuwa marafiki zetu kwa sababu ya mablanketi, basi mngeaga siku mablanketi yalipochakaa, na yalichakaa zamani.

Ombi la mwisho limemkalia moyoni Mama Nyirabahizi, na ndilo letu sote. Amezeeka. Ameambiwa na bwana mifugo, yaani mwanawe, apunguze kazi, akakataa. Alisema kwenye kikao, "Nimechunga ng'ombe wa watu miaka yote hii. Nikifa kabla hawajapokelewa, nitamwambia nini Celestini huko? Nitamwambia bado tunapewa tu?"

Hapo mimi mtoto wa Celestini nilitoka nje kidogo. Naomba radhi, hata sasa naisoma kwa shida.

Mama Mchungaji, ratiba inasema baada ya risala ni majibu ya mgeni rasmi, halafu chakula. Tunaomba usijibu kwanza. Geuka kulia kwako. Yule mama anayesimama pale na kamba mkononi unamfahamu. Ndama aliye naye ni jike, mwekundu, amezaliwa mwezi huu katika uzao wa Impano. Hana jina, kwa sababu ng'ombe hupewa jina na mwenyewe.

Kumpokea ni rahisi. Hutambeba kwenye ndege, usiogope. Unashuka, unaweka mkono mgongoni mwake, unamwita jina unalotaka, hata kama sisi hatutaweza kulitamka. Atabaki hapa tukuchungie. Lakini baada ya hapo hakuna atakayekuita mgeni rasmi Keza. Utakuja ukipenda, bila mradi na bila mzigo, kama anavyokuja mtu yeyote kuangalia ng'ombe wake.

Shuka, mama. Tunakusubiri.

Mungu aibariki Lindeby, wazee wake na wachache wake. Mungu aibariki Keza, na azidishe uzao wa zizi hili mpaka Mzee Matiasi ajenge ukuta wa mawe. Amina.

Ni sisi,
Waumini wa Usharika wa Keza,
watunzaji wa ng'ombe wenu.