Mwalimu Yotamu Kalinga, Aliyewafundisha Watoto Kusalimia Wakiwa Pembeni

Mwalimu Yotamu Kalinga anastaafu Ijumaa, tarehe 12 Desemba 1958, baada ya miaka ishirini na saba ya ualimu: kumi na tano kwao Iringa, na kumi na miwili hapa kwetu Mbeya. Walimu wenzake walipoombwa wamwandikie wasifu huu, kila mmoja alikuwa na shughuli. Basi ameuandika mpishi wa uji. Atakayeona maneno hayakupangwa vizuri avumilie, maana waliojua kupanga hawakutaka.

Alifika hapa mwaka 1946 na mke wake, baiskeli yake, na salamu yake ya Kihehe. Kila asubuhi alisimama langoni akisema "Kamwene" kabla mtoto hajafungua mdomo, mpaka wale wadogo wakadhani ndilo jina lake. Mama mmoja kutoka huko juu alikuja akimuulizia Mwalimu Kamwene, akaambiwa hayupo wa jina hilo, akarudi zake nyumbani. Mwalimu aliposikia alicheka, kisha akapanda baiskeli akamfuata mama wa watu mlimani.

Nyote mnaijua kona iliyo chini ya shule, barabara ya Chunya inapopita. Zamani lori lilikuwa habari ya kusimuliana nyumbani. Siku hizi linapita lenye tumbaku, linapita lenye magunia na watu juu ya magunia, na vumbi lake halijatua linakuja lingine. Sisi kina mama tulikuwa tukisali. Mwalimu Kalinga alikuja jikoni kwangu akaomba nyungo kuukuu.

Nilimpa mbili. Wa tatu aliuchukua mwenyewe, na huo haukuwa mkuukuu. Ulirudi umepakwa rangi nyekundu, una neno SIMAMA katikati. Nikamwambia, "Mwalimu, sasa mahindi nitayapepeta na nini?" Akasema, "Mama Tusajigwe, mahindi hayagongwi na lori." Hizo nyungo ndizo zilikuwa alama za barabarani: ya kusimama, ya kona kali, ya daraja jembamba. Uwanjani alichora barabara kwa majivu ya jiko langu, watoto wakagawanywa, hawa wapita njia, hawa baiskeli, hawa lori.

Lori la Chunya ndilo lilikuwa mchezo wao hasa. Watoto darasa zima wanashikana viuno, wa mbele ndiye dereva, wanateremka uwanjani wakinguruma. Ungo mwekundu ukiinuliwa, lazima wasimame kabla ya mstari wa majivu. Hawakuweza hata siku moja. Dereva anasimama, wa nyuma wanaendelea kuja, na dereva anaanguka kifudifudi. Isakwisa, aliyekuwa dereva mashuhuri, aliinuka siku moja majivu yamemjaa puani akalia, "Mwalimu, mimi nilisimama, mkia ndio umenisukuma." Mwalimu akasema, "Na lori lina mkia. Usilisubiri likuonee huruma." Watoto walilishika neno hilo kuliko hesabu.

Kuhusu baiskeli, alimfuata Bushiri, fundi wa Mwanjelwa, akamtaka asimrudishie mtu yeyote baiskeli isiyo na breki. Vijana wetu walizoea kuteremka mlima wakizuia gurudumu kwa unyayo. Bushiri alimwambia, "Mwalimu Kalinga, unanivunjia biashara wewe. Wasipoanguka, mimi nitatengeneza nini?" Lakini alikubali, tena akatoa ringi za magurudumu ya zamani, watoto wadogo wajifunzie kwa kuzisukuma. Wakubwa walishindana kuendesha baiskeli polepole: wa mwisho kufika ndiye mshindi, na anayetia mguu chini ametoka.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengine wangependa niliruke.

Aprili 1955, wakati wa mvua, mwanangu Tusajigwe alikuwa darasa la kwanza. Alifika pale konani akafanya yote aliyofundishwa. Alisimama. Alitazama kulia, kushoto, kulia tena. Barabara ilikuwa nyeupe, akaanza kuvuka. Alipofika katikati akamwona Mzee Anania, mwenyekiti wa kamati ya shule yetu, anakuja kwa baiskeli. Mtoto akafanya na lile tulilomfundisha sisi nyumbani: akapiga magoti palepale kwenye matope kumwamkia mzee, akangoja aitikiwe. Lori likatokea kwenye kona nyuma ya mzee. Mzee akajitupa mtaroni na baiskeli yake. Mtoto alikuwa bado ameinamisha kichwa.

Mungu alinirudishia mwanangu. Mguu ulipona, ila haukurudi sawa, ukimwona kwa mbali unamtambua kwa mwendo. Alipozinduka hospitali, neno lake la kwanza lilikuwa kuniuliza, "Mama, mzee aliitikia?"

Mwalimu Kalinga aliketi kando ya kitanda kile jioni zote. Hakutoa lawama kwa mtu. Alirudi shuleni akaongeza mchezo mmoja, Mchezo wa Mzee. Mtoto anajitanda blanketi, anashika fimbo, anapita kando ya barabara ya majivu akiwachokoza wanaovuka: "Ninyi, hamnioni? Nani amewalea ninyi? Mbuzi wa baba yangu wana adabu kuwashinda." Anayepiga magoti barabarani ametoka. Anayevuka kwanza, akafika kwenye majani, akapiga magoti huko na kusalimia kwa sauti, huyo ameshinda, na mzee lazima amuitikie. Watoto waliupenda kuliko hata lori, kwa kuwa kila mmoja alitaka zamu ya kuwa mzee. Tangu mchezo huo uanze, hakuna mtoto wa shule hii aliyeguswa na gari pale konani.

Lakini siku moja Mzee Anania alipita, akamkuta Isakwisa ndani ya blanketi anakohoa. Alikohoa vizuri sana. Kila mtu alijua kikohozi hicho ni cha nani.

Kuanzia hapo ikawa kesi. Kamati ilisema Mwalimu anawafundisha watoto kuwadharau wazee. Kwamba siku hizi mtoto akimwona mkubwa njiani anakimbilia majanini kama mbuzi. Kwamba mtu wa Iringa hawezi kujua heshima ya watu wa hapa. Mzee Anania alisema kwenye mkutano, nami nilikuwepo, kwamba watoto wake yeye walipiga magoti popote walipomkuta, hata kwenye matope. Kwa ile siku ya Aprili mimi simlaumu, hakuna aliyejua. Namlaumu kwa neno hilo, kwa kuwa matope yale yeye aliyaona.

Mwaka huu Mwalimu aliomba aongezewe mwaka mmoja, apate kumfundisha mwalimu mwingine michezo hii. Alikataliwa. Kuanzia Januari ule uwanja utalimwa viazi, na kamati imeagiza alama zote ziondolewe. Viazi ni chakula, sikatai, mimi ni mpishi. Ila mwezi huohuo wa Januari wanaingia darasa la kwanza watoto wapya, wote wamelelewa vizuri, wote wanajua kupiga magoti. Mdogo wake Tusajigwe yumo. Usiku silali nikiifikiria ile kona.

Jumanne iliyopita watoto watatu walikuwa wanavuka, Mzee Anania akaja na baiskeli. Mdogo wao akaanza kukunja goti katikati ya barabara. Tusajigwe akamvuta mkono, kwa mguu wake ule, mpaka kwenye majani, na wote watatu wakapiga magoti wakasema "Shikamoo, baba" kwa sauti moja. Mzee alipita. Hakuitikia. Mwalimu Kalinga alikuwa langoni, akaitikia yeye, "Marahaba, wanangu."

Mwalimu, tunakushukuru kwa miaka yako, kwa majivu na kwa ringi, kwa jioni zile za hospitali. Tunashukuru kwa watoto walio hai ambao wazazi wao hawajui kwamba wana deni la shukrani. Nenda salama kwenu Iringa, wewe na mama. Mvua ikunyeshee kwa wakati, magoti yasikuume, majirani wakusalimie na wewe uwaitikie.

Ijumaa basi lako litapita pale konani. Usishangae usipoona mtu akilikimbilia dirishani kukupa mkono, ndivyo ulivyotufundisha. Watoto watakuwa pembeni, kwenye majani, magoti chini. Watakwambia "Kamwene." Itikia.

Na ule ungo mwekundu ulionirudishia juzi pamoja na zile nyungo nyingine, nimeusugua kwa mchanga na rangi haitoki. Nimeacha kuusugua. Januari shule ikifunguliwa nitasimama nao konani kila asubuhi mpaka mtoto wa mwisho avuke, ndipo nirudi kukoleza moto. Uji utachelewa kidogo. Kamati itanivumilia, au itafute mpishi mwingine.