Kibuyu cha Natalia

Kijiwe chetu kipo Dongobesh, pale yanaposimama magari ya Haydom: benchi moja la mkaratusi na birika la Marieta, muuza kahawa wetu. Zamani tulikuwa tunakunywa kahawa tukisimuliana maksai na mavuno. Siku hizi tunapimana mafuta mwilini. Nayakumbuka sana mazungumzo yale ya zamani. Asubuhi hiyo Yoakimu alikuwa ameshavua koti, amelikunja mapajani. Mgongo ulimuuma tangu palizi, na sasa mguu wa kushoto ulikuwa umeanza kufa ganzi. Renatus, tunayemwita Bando kwa sababu habari zake zote zinatoka kwenye simu, alikuwa amejitolea kumnyoosha pale pale.

— Lala kifudifudi, Yoakimu. Nikubane hapa, nikuvute shingo, ukisikia ko, ujue pingili imerudi kwake.

— Umejifunzia wapi? nikamuuliza.

— Video. Mzungu mmoja anawavunja watu mchana kutwa, wanainuka wanacheka. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi.

— Huyu ana miaka sitini na nane, Bando. Amekauka.

Felician akatikisa kichwa. Huyo ndiye tunayemwita Kolesto, kwa ajili ya kolesteroli. Tangu asikie redioni habari za mafuta mwilini, hajatupa amani.

— Mgongo hauna kosa. Ni maziwa. Mafuta yameganda kwenye uti, ndiyo maana mguu haupati habari. Haba na haba hujaza kibaba. Si nilimkataza maziwa tangu Pasaka?

— Ulimkataza na nyama, akasema Marieta.

— Na samli. Na ugali wa jioni, ule unalala tumboni unaota mizizi.

— Mayai je?

— Mayai yanapandisha presha.

— Hata viazi, akadakia Bando. Viazi ni sukari iliyojificha. Ila shingo ikivunjwa vizuri, sukari inashuka yenyewe. Hata ng'ombe asiyetoa maziwa ukimnyoosha anatoa.

— Ng'ombe utamlaza kifudifudi?

Tukacheka. Yoakimu naye alicheka kidogo, akashika kiuno. Suruali yake ilikuwa imempwaya, imefungwa kwa kamba ya katani. Tulikuwa tunaiona kila siku.

Mama mmoja akaja na hotipoti imefungwa kwenye kanga.

— Shikamooni.

— Marahaba. Karibu benchi.

Alisema anaitwa Helena, anampelekea chakula mgonjwa wake Haydom, anasubiri gari. Akasikiliza kidogo. Bando alikuwa ameshatandika gunia chini, na Yoakimu ameshapiga goti moja.

— Samahani, wazee wangu, akasema Helena. Sasa huyu baba anakula nini?

Bando akamtazama Kolesto. Kolesto akatazama birika. Mimi nilitafuta jibu, nikakumbuka kahawa tu.

Yoakimu akajibu mwenyewe, bado amepiga goti.

— Mwanangu, mimi nilikuwa mtu wa maziwa mgando. Mke wangu Natalia alikuwa anakipiga kibuyu moshi kwa kijinga cha moto, ukifungua kizibo nyumba nzima inanukia. Alifariki mwaka jana. Kibuyu kiko ukutani tangu siku ile. Felician aliponikataza maziwa nilishukuru. Kukatazwa kulikuwa kwepesi kuliko kukishusha.

Niliona aibu, na nilimkumbuka Natalia, alivyokuwa anatuletea mgando benchi hili hili, tunapokezana kata moja.

Honi ikalia. Helena akainuka.

— Baba, mguu ukifa ganzi hauvutwi na mtu wa barabarani. Gari hilo hapo, na mimi ninaenda hospitali.

Kolesto akamshika Yoakimu kwapa, akamwinua polepole, akamvalisha koti. Bando akakunja gunia.

— Nitakusindikiza, akasema Kolesto. Marieta, birika lina kitu cha kumpa?

— Limeisha. Kaka Yoakimu, niachie ufunguo wa nyumba. Nitakishusha kibuyu, nikipige moshi, ukirudi ukute maziwa yameshalala humo.

Yoakimu alisimama mlangoni mwa gari na ufunguo mkononi, konda anamhimiza. Mwishowe akaunyoosha kwa Marieta.

— Usikioshe kwa sabuni, akasema. Harufu yake bado imo.