Kamba Niliyoikata Nikijifunza Kubinuka

Assalaam aleikum. Mama zangu, shikamooni. Mwenyekiti wa kikundi chenu cha mwani kanipa nafasi akidhani nimekuja kueleza habari za boti. Sikuja na boti leo. Nimekuja na aibu yangu, na nawaomba mnisikilize mpaka mwisho, halafu mnitukane mkipenda.

Kile kiti mnakijua. Mmenicheka nacho sana hapa Ushongo, eti mtu mzima anavutwa na boti kakaa kitako. Mgeni mmoja alikiacha pale ninapofanya kazi: ubao wenye kiti, na chini yake chuma kirefu chenye mabawa. Unajifunga mkanda mapajani, boti inavuta, mabawa yanakunyanyua, unapaa juu ya maji. Sasa mimi kupaa hakukunitosha. Nilimwona yule mgeni akibinuka hewani, kichwa chini, kiti juu, akatua na kwenda zake. Nikasema na mimi lazima. Ndugu zangu, nawaambia, ulikuwa wazimu. Hata mbele ya sahani ya wali nilikuwa nabinuka kichwani.

Jambo hilo linataka maji yaliyotulia, na maji yaliyotulia ni pale penye kamba zenu za mwani. Dereva wa boti akaniambia, "Kaka, pale kuna mali za watu." Nikamwambia apite kando kando tu, macho ninayo. Macho gani? Nilipoanza kubinuka nikaogopa, nikainamisha kichwa kutazama maji, nikaanguka ubavu, chuma kikapita kwenye kamba. Nilihisi ikikatika. Nikaibuka nikaona machupa ya kuelea yanakwenda zake na mwani wa watu. Dereva akauliza, "Umegonga nini?" Nikasema, "Nyasi tu. Twende."

Kamba ile ilikuwa ya mama wawili waliolima pamoja, mtumbwi mmoja, uji wa asubuhi sufuria moja. Siku zile walikuwa wamekwaruzana kidogo juu ya zamu ya kuvuna. Basi mmoja alipokuta kamba imekatika vile, akajua ni mwenzake tu. Akamsema humu humu, mbele yenu: "Kanikatia kwa kisu, halafu asubuhi ananisalimia!" Mwenzake akaapa, wallahi si yeye. Nani alimwamini? Akatoka kwenye kikundi analia. Na mimi siku ile nilikuwepo, nimewaletea magunia, nimeegemea mlango ule pale. Nilinyamaza.

Wiki chache baadaye nikarudi pale pale. Mtu hana haya! Nikabinuka, nikaanguka kichwa chini, kamba nyingine ikajizungusha kwenye chuma, mkanda ukanikaza mapajani, kifungo chake sikioni. Maji puani, maji masikioni. Boti ilikuwa bado inageuka. Aliyenifikia kwanza ni yule yule mama aliyemsema mwenzake, na mtumbwi wake. Hakuuliza kitu. Akazamisha mkono na kisu cha kuvunia, akakata kamba yake mwenyewe, mwani wote ukaenda. Akaninyanyua kwa ukosi wa shati. "Pumua mwanangu, pumua." Nikapumua. Na bado sikusema.

Baada ya hapo nikahamia nje ya mwamba, kwenye kina, nikingoja siku za bahari shwari. Nikaanza upya: macho kwenye boti, mikono karibu na nyonga, usiwe na haraka. Siku moja nikazunguka, mbingu, maji, mbingu, na nikatua nimekaa! Dereva akapiga kelele, "Umeweza!" Nikageuka nimpate wa kumpungia mkono, nikauona ule mtumbwi. Ndani yake yule mama aliyeniokoa, peke yake. Anapiga kafi, anaiacha, anavuta kamba, mtumbwi unamkimbia, anashika kafi tena. Furaha yote ikanitoka. Nililia juu ya kile kiti, siwafichi.

Siku ile ile nikaenda kwake, nikamweleza yote. Akafuta mikono kwenye kanga, na mikono ilikuwa imekauka zamani. Akasema, "Radhi usiniombe mimi. Mwenzangu nilimsema kikundini. Kaseme huko huko kikundini, na mimi nitakuwepo." Ndiyo nimesimama hapa.

Namshukuru dereva, niliyemdanganya na bado ananivuta. Mama uliyekata kamba yako kwa ajili yangu, shukrani yako siwezi kuimaliza. Na ninyi nyote, nililojifunza ni hili: kuanguka hakukuwa kosa langu kubwa. Kosa langu ni lile neno, "Twende."

Na wewe mama uliyekaa nje barazani, nimekuona ulipofika. Uliapa huingii tena humu. Kamba ile niliikata mimi. Hukuikata wewe, na ulisema kweli tangu siku ya kwanza. Mwenzio yupo hapa mbele, anakulilia, na kanga yake kaitandika pembeni yake toka tuanze, hataki mtu aikalie. Ingia, mama yangu, ukae.