Fasi Tupu Ndani ya Kompyuta ya Sauti

Mgeni rasmi, karibu kambini Nakivale. Umetoka Kamukuzi, kule Mbarara, na vumbi lote hili, basi tutasema bila kuzunguka.

CHANZO CHETU

Sisi ni wakimbizi wa Kivu Kusini, wakulima na wafugaji wasio na ng'ombe. Kompyuta ambayo ofisi yenu ilitupatia tunawekea sauti za wazee. Ukizisikiliza hapa kanisani jioni, ukungu wa milimani unakupanda miguuni.

TULICHOPATA

Tunazo nyimbo na majina ya mito. Tunaye marehemu mama Gaudiose, akiita ng'ombe wake mmoja mmoja kana kwamba wangali wanashuka. Mwanawe Semahoro huja kumsikiliza. Huegemea ukuta, taratibu harufu ya maziwa humjia, kwato zinakaribia, naye ni mtoto tena mlangoni pa zizi. Hatumwamshi.

UGUMU

Diski ilijaa. Kila sauti mpya ikaingia kwa kufuta ya zamani. Kumbe diski imegawanywa: sehemu yetu ndogo, na nyingine kubwa yenye jina la mradi uliokwisha fungwa. Tuliiona ni tupu, hatukuigusa. Kwetu, fasi, yaani sehemu, ya aliyesafiri hailimwi.

Ancilla, fundi wa kompyuta kutoka mtaa wa Nyamityobora, alishika kichwa.

"Baba, mmefuta wazee wenu ili mlinde hewa?"

"Wewe binti, fasi ya mutu hailimwi," Semahoro akamjibu.

"Mtu gani? Mradi ulikufa!"

Tulicheka. Kisha tukakumbuka sauti zilizokwenda.

Ancilla anasema tutoe kwanza nakala ya kila kitu, tuweke kando kwenye diski atakayotuazima siku hiyo tu. Halafu ile tupu ipunguzwe, mpaka wa yetu usogezwe. Ni kazi ya asubuhi moja. Lakini kompyuta inadai neno la siri, nalo liko ofisini kwenu.

OMBI

Hatutaki kompyuta mpya. Tupe neno la siri, na utamke ruhusa hapa mbele ya watu, kama mwenye shamba anavyomruhusu jirani kulima.

Jumapili tunarekodi wajane wa Minembwe, milimani kwetu. Ni wazee, hatuwezi kuwaambia wangoje. Na zamu ya kufutwa ni ya Gaudiose. Semahoro ametuambia, "Waingie tu. Mama amekwisha kusikika."

Mgeni rasmi, usikubali maneno hayo yawe kweli.

Mungu akufikishe Mbarara salama, na usingizi wako uwe na sauti za uwapendao.

Ni sisi,
Watunza Sauti wa Nakivale