Mzinga wa Chini wa Ambrosi Lugembe

Jumapili hii, tarehe 30 Juni 1957, Ambrosi Lugembe anastaafu baada ya kuitumikia karakana ya mishumaa ya misheni yetu hapa Tabora kwa miaka thelathini na nusu. Kila mshumaa uliowaka altareni kwetu tangu 1927 umepita mikononi mwake. Nimeombwa niandike maneno haya kwa sababu mimi, Nikolaus Ngollo, nimetunza stoo iliyopakana na karakana yake kwa muda wote huo. Nadhani pia ni kwa sababu Padre Mkuu anajua nina jambo la kuungama hadharani. Nitalifikia, msinikimbize.

Ambrosi hakuja hapa kutafuta kazi. Aliletwa kwa machela. Kwao Ipole alikuwa mrina asali, tena si wa kubabaisha. Babu yake alibeba pembe katika njia ya misafara hadi pwani na kurudi. Mjukuu akachagua kubeba mizinga juu ya miti. Hata jina la ubatizo alipewa la Mtakatifu Ambrosi, msimamizi wa wafuga nyuki. Oktoba 1926, akiwa juu ya mti wa mtundu akifunga mzinga mpya wa gogo, tawi lilikatika. Mtu akaanguka, mzinga ukaanguka. Mzinga haukupata hata ufa. Ambrosi alivunjika nyonga.

Daktari alimwambia kwamba atatembea kwa fimbo, lakini kupanda mti asahau. Mtu wa mjini hawezi kulielewa neno hilo. Kwetu Unyamwezi mizinga hutundikwa juu kabisa, na mrina asiyepanda ni kama ng'ombe wa maziwa aliyekauka: watu humwonea huruma, kisha humsahau. Padre akampa kazi ya kuchemsha nta, kuichuja kwa gunia na kuimimina juu ya tambi, upawa kwa upawa, mpaka mshumaa unenepe. Na alikuwa na hasira, jamani! Ukimsalimu asubuhi anakuitikia kama vile umemkanyaga. Nilimsikia kupitia ukutani akimuuliza Mungu swali lile lile kila siku: alimbakiza kwa kazi gani?

Siku moja akaagiza mzinga wake uletwe, ule ule ulioanguka naye. Mabruki bin Nassibu, seremala wa Ng'ambo, akasimika nguzo mbili nyuma ya karakana, akazipaka lami kuzuia siafu, na mzinga ukakaa juu yake usawa wa kifua cha mtu. Watu walikuja kutazama. Mzinga wa chini! Nyuki wataudharau, nyegere atauangusha, na isitoshe ni aibu, maana hata mwanamke anaweza kuugusa. Ambrosi akawajibu kwamba ikiwa yeye hawezi tena kupanda kuwafuata nyuki, Aliyewaumba anaweza kuwateremsha.

Hawakuja. Kila mwaka maua yalipochanua aliupaka mzinga nta upya ili harufu yake iwavute nyuki, na kila mwaka ulibaki mtupu. Mabruki alikuwa akipita anamtania: aliye juu mngojee chini! Mji mzima ukalifanya msemo. Msichana aliyemsubiri mchumba aliyekwenda manamba kwenye mkonge wa Tanga, wazazi wake waliambiwa kwamba binti yao anangoja mzinga wa Ambrosi. Na mimi nilicheka, tena kwa sauti.

Mwaka 1934 surua ilimchukua Raymundi, mtoto wa pekee wa Ambrosi na mkewe, mwenye umri wa miaka minne. Kesho yake baada ya mazishi Ambrosi alitafuta shoka aupasue mzinga ule uwe kuni. Hakuliona. Mkewe, Imakulata, alikuwa amelifukia ndani ya kihenge cha mtama. Akamwambia alie awezavyo, hata amlalamikie Mungu, lakini mzinga haukuleta surua. Ambrosi akakaa chini ya mzinga na kulia mpaka kengele ya mchana. Kisha akasimama, akaenda kuchukua nta, akaupaka. Nililiona kwa macho yangu nikiwa mlangoni pa stoo, na tangu siku hiyo sijaucheka tena mzinga ule.

Mvua za 1942 zilikataa. Msituni maji yakakauka na nyuki wakahama makundi kwa makundi. Novemba, kundi moja likatua uani kwetu, penye beseni la maji ambalo Ambrosi alikuwa ameliweka, na vijiti juu yake ili wadudu wasizame. Likazunguka, likazunguka, likaingia kwenye mzinga wa chini. Ambrosi alipiga ukelele mpaka Mabruki, aliyekuwa akitengeneza mabenchi ya kanisa, akaja mbio na ndoo akidhani tunaungua. Baada ya miaka kumi na mitano! Wengine walitaka kuufungua palepale. Ambrosi akakataa, akasema mgeni njoo mwenyeji apone, na mgeni hapekuliwi mzigo.

Sasa niungame. Vita ilikuwa imekomba nta yote ya nchi. Ambrosi alikuwa ameniwekea stoo donge moja safi, limefungwa kwenye kanga kuukuu, kwa ajili ya mshumaa wa Pasaka ya 1943, ambao kwa desturi ya Kanisa hutengenezwa kwa nta ya nyuki. Mimi nikadhani ni makapi, nikalipakia pamoja na magunia ya mnunuzi wa makapi ya nta. Tulipogundua, treni ilikwisha pita Igalula zamani. Tulituma watu hadi Ipole. Mizinga yote mitupu. Padre akasema huenda tukawasha taa ya mafuta. Sikula siku mbili.

Jumatatu ya Juma Kuu Ambrosi alinipita bila kunikemea hata neno moja. Aliegemeza fimbo yake ukutani, akawasha kifukizo cha moshi, akaufungua mzinga wa chini akiwa amesimama kwa miguu yake miwili. Masega yalikuwa yamejaa.

Mshumaa ulitoka mfupi, kama mkono wa mtoto. Siku zile ibada ya mkesha ilifanywa Jumamosi Kuu asubuhi, na ulipowashwa Imakulata alipiga kigelegele katikati ya kanisa. Padre hakumkemea. Uliwaka kila Misa mpaka sikukuu ya Kupaa.

Baada ya hapo Apolinaria, mjane wa Igalula, akaja kuomba mzinga kama ule, kwa kuwa naye hawezi kupanda mti. Akafuata mwingine, na mwingine. Leo iko mizinga ya chini sabini na miwili katika nyua za Tabora na vijiji vyake, mingi ikiwa ya wanawake na ya watu wenye viungo vibovu, na Ambrosi ndiye aliyewafundisha wote. Hata Mzee Mabruki anayo mitatu, na anaapa kwamba nyuki wake hufunga Ramadhani. Msemo nao umegeuka: mtoto aliyefeli akirudia mtihani na kufaulu, watu husema mzinga wa Ambrosi umeingia nyuki.

Ambrosi mwenyewe hasemi kwamba Mungu alimwangusha. Anasema tawi lilikuwa limeoza na yeye alikuwa kijana mwenye haraka. Anachosema ni kwamba alipofika chini alimkuta Mungu yuko pale pale, na kazi ya kumpa anayo.

Tulitaka kumzawadia kiti na saa ya ukutani. Amevikataa. Ameomba mzinga mmoja mtupu na nguzo mbili zilizopakwa lami. Kesho lori litampeleka yeye na Imakulata Ipole, na huko atausimika chini ya mtundu ule ule, ambao hajauona tangu siku walipomwondoa kwa machela. Safari hii hakuna anayecheka.

Ambrosi, ndugu yangu, asante kwa mwanga wote huo. Mungu akupe uzee mtamu, na nyuki wenye adabu. Kwenye lori utakuta kanga mpya, na ndani yake donge la nta safi la kuupaka mzinga wako. Nimelibeba mwenyewe mkononi mpaka nimeliweka kwenye kiti chako.