Siku Kumi na Moja Ambazo Anselmo Cikuru Hakupima Maji

Ndugu mliokuja kumsindikiza Anselmo, wasifu huu una sehemu ambayo baadhi yetu katika familia tulitaka iachwe. Marehemu aliagiza isomwe yote. Itasomwa.

Anselmo Cikuru alizaliwa Uvira tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa tatu wa mzee Sylvestre Cikuru, mvuvi. Familia ilihamia Rumonge mwaka 1974. Alisoma shule ya msingi hapa hapa, kisha sekondari Bujumbura, akapata diploma mwaka 1989. Alifundisha hesabu miaka kumi, ndiyo sababu hata wasiowahi kukaa darasani kwake walimwita Mwalimu.

Tarehe 8 Agosti 1998 alimwoa Benedicte. Mchungaji alipomuuliza kama atampenda siku zote, alijibu, “Siku nitakazokuwa hai, ndiyo.” Kanisa zima likacheka.

“Cikuru, sema ndiyo tu!” mchungaji akamwambia.

“Nimesema ndiyo, Pasta. Nimeongeza ile ninayoweza kuithibitisha.”

Mwaka 1999 alipewa kazi ya kupima maji ya ziwa bandarini. Palikuwa na nguzo ya chuma yenye alama za sentimita, watu wakaiita rula. Kila siku saa moja asubuhi alisimama mbele yake, akasoma, akaandika namba moja daftarini. Miaka ya vita alipima. Siku ya kumzika baba yake alipima kwanza, ndipo akaja makaburini. Kwa miaka ishirini na mbili daftari lake halikuwa na mstari mtupu, naye alijivunia jambo hilo. Kiburi cha namna hiyo hufanana mno na uaminifu, kwa hiyo hakuna aliyemwonya.

Mwaka 2021 maji yalipanda, nyumba nyingi za pwani zikahamwa. Kulthumu, mchuuzi wa samaki, alimchukua mama yake, Biasha, wakaenda kukaa kwa ndugu Nyanza-Lac. Tarehe 27 Mei Anselmo alishikwa na malaria kali. Hakufika bandarini hadi tarehe 7 Juni. Lakini hakuvumilia kuacha mistari mitupu. Alijua kwamba mvua ikiisha ziwa hushuka, basi akaandika akiwa kitandani: sentimita moja chini kila siku.

Alhamisi tarehe 3 Juni, Kulthumu alimpigia simu.

“Mwalimu, maji iko inashuka? Mama anasumbua, anataka kwake.”

“Inashuka, dada. Mutarudi tu.”

Siku ya pili walirudi. Kulthumu aliyakuta maji karibu na kizingiti, lakini alijiambia kwamba yanaondoka, kwa kuwa Mwalimu alisema. Hayakuwa yanaondoka. Yalikuwa yanapanda. Jumapili tarehe 6, saa nane mchana, ukuta wa matofali mabichi uliolowa chini ulimwangukia Biasha. Alikuwa na miaka sabini na moja.

Hakuna aliyemlaumu Anselmo. Alipofika bandarini kesho yake na kuisoma rula, alijua yeye peke yake. Angeweza kunyamaza hadi leo. Siku ya tatu ya matanga aliingia uani kwa Kulthumu na daftari mkononi, akawaeleza watu wote.

Abdulhamid, mdogo wake Biasha, alimshika mkono. “Mwalimu, achana na ayo. Ni mapenzi ya Mungu.”

“Mungu asisingiziwe. Mimi ndiye niliyeandika.”

Kulthumu akauliza, “Siku ile uliniambia turudi, rula uliiona?”

“Sikuiona.”

“Ulikuwa wapi?”

“Kitandani.”

“Basi toka kwangu.”

Alitoka. Aliandikia ofisi yake barua, akaondolewa kazini, na hakulalamika. Katika daftari alizikata zile namba kumi na moja kwa mstari, akaandika kando ya kila moja: Sikupima. Aliendelea kupima bila mwajiri. Mtu akimuuliza habari za kesho, alijibu kwamba ya kesho hayajui. Wengi walimwona amekuwa mtu mgumu. Afadhali ugumu huo. Kila mmoja wetu aliyesimama hapa amewahi kumjibu mwenzake jambo asilolijua, kwa sababu tu aliona aibu kusema hajui, kisha akaenda kula chakula chake.

Tangu mwaka 2023 aliugua figo. Mwezi uliopita alipoagiza wasifu huu uandikwe, mkewe alimsihi, “Baba Aristide, watoto wataona haya mbele za watu.”

Akamjibu, “Mukisoma siku nilizopima tu, mutakuwa munatunga kama mimi.”

Alifariki Jumapili tarehe 9 Novemba 2025, saa kumi alasiri, akiwa na miaka hamsini na saba. Ameacha mjane, Benedicte, watoto wawili, Aristide na Schékinah, na wajukuu watatu.

Juzi familia ilikwenda kwa Kulthumu kumwalika. Alituambia, “Nitakuja. Lakini musiseme kama nimemusamehe. Sijui bado.” Amekuja, amesimama pamoja nasi. Kama Anselmo alisamehewa, hatujui, na kwa sababu hatujui, hatuandiki. Tunamwomba Mungu, ambaye hahitaji kuambiwa, ampe pumziko la amani.